Betri ya Kanisa

Kila Jumamosi asubuhi Ruxanda alitoa majivu kwenye jiko la matofali, akaingiza kuni kavu, akawapelekea kuku punje zao, kisha akaenda kuitazama betri ya kanisa. Ilikaa juu ya kabati la jikoni, nzito kama gunia dogo la viazi, na ubavuni ilikuwa na taa nne za kijani. Zote nne zikiwaka, betri ilikuwa imejaa. Katikati ya wiki kanisani hapakuwashwa moto, na baridi kali huharibu betri, kwa hiyo mchungaji, Ndugu Simion, alitaka ikae katika nyumba yenye joto siku zote. Alichagua nyumba ya Bibi Varvara, na kazi ya kuitunza akampa mjukuu wa bibi huyo, Ruxanda, msichana wa miaka kumi na miwili.

Haikuwa kazi ya mchezo. Pale kijijini Valea Rece, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekwenda nchi ya mbali kutafuta riziki. Mama yake Ruxanda mwenyewe alikuwa Italia, mji wa Padova, akimhudumia kikongwe wa watu. Kila Jumapili ibada ilirushwa kwa intaneti, na waliokuwa mbali walikaa na simu zao mkononi, wakaimba pamoja na wenzao waliobaki. Umeme wa kijiji ulikuwa na mazoea ya kukatika, hasa majira ya baridi, na hapo ndipo betri ilipohitajika. Iliweza kuendesha kamera, kipaza sauti na kisanduku cha intaneti, iliyofika kanisani kwa waya wa chini ya ardhi, mpaka ibada iishe.

Jumamosi hii kijiji kilikuwa na msiba. Mzee Haralambie, aliyepiga lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya kanisa tangu ujana wake, alikuwa amefariki, na mazishi yalipangwa kufanyika Jumapili baada ya ibada. Aliacha mke, Bibi Agafia, na binti mmoja tu, Zinaida, ambaye naye alikuwa Italia. Zinaida alikuwa ameshakata tiketi ya kurudi nyumbani. Lakini mvua iliyoganda ilikuwa ikinyesha tangu juzi, barabara zikawa kama kioo, na ndege zikazuiwa kutua. Alipoona hakuna njia, alimpigia simu Ndugu Simion huku analia. Aliomba jambo moja tu: aione ibada ya baba yake kwenye simu, amtazame usoni, na aruhusiwe kumwambia maneno machache kabla jeneza halijafungwa. Mchungaji akamwahidi.

Mchana wa Jumamosi hiyo umeme ukakatika. Nyaya zilikuwa zimevikwa barafu nene kama mkono wa mtoto, na upande wa kinu cha zamani nguzo mbili zilianguka. Haukupita muda mrefu mnara wa simu wa kijiji nao ukazimika, na simu zote zikawa hazina mtandao.

Bibi Varvara alikwenda nyumbani kwa Bibi Agafia kusaidia mapishi ya msiba. Ruxanda akabaki peke yake. Nyumba ilikuwa na joto, lakini giza lilianza kuingia mapema, na kila baada ya kitambo tawi la mti lilivunjika nje kwa uzito wa barafu, likatoa mlio uliomshtua. Aliwasha mshumaa. Mwanga wake ukafanya vivuli vicheze ukutani, akazidi kuogopa. Akaitazama betri. Taa zote nne zilikuwa zinawaka.

Akajiambia kwamba ataitumia kidogo tu. Aliunganisha simu yake, kisha taa ya mezani, kisha kompyuta ya zamani aliyoachiwa na mama yake, ambayo haikuweza kufanya kazi hata dakika moja bila kuchomekwa. Ndani ya kompyuta mlikuwa na filamu. Akapanda kitanda kilichokuwa kando ya jiko, akajifunika blanketi, akaanza kutazama, na hofu ikamwondoka. Umeme utarudi tu kabla ya kulala, aliwaza, kama unavyorudi siku zote, na betri nitaijaza.

Alipokuwa katikati ya filamu mlango ukagongwa. Ruxanda aliirukia kompyuta akaifunga, akatupa blanketi juu ya betri, ndipo akafungua. Alikuwa Ndugu Simion, kofia yake imejaa barafu.

"Amani, mwanangu," alisema. "Siingii, nitakuchafulia sakafu. Nina swali moja tu. Betri imejaa?"

Kisha akaeleza sababu. Bwana Toader, mfugaji wa kuku, alikuwa na jenereta. Mwoka mikate wa kijiji cha pili alikuwa ameiomba, na Bwana Toader alitaka kujua kama kanisa linaihitaji kwanza. Ikiwa betri ilikuwa tayari, mwoka mikate angepewa jenereta jioni ile ile.

Ruxanda alijua kwamba chini ya blanketi kulikuwa na taa mbili tu zinazowaka. Alitaka kusema hivyo. Lakini mchungaji angeuliza imetumikaje, na Bibi angejua, na jambo lenyewe lingefika hadi Padova.

"Imejaa, Ndugu Simion," alisema.

"Ahsante. Bila wewe nisingeweza kutimiza ahadi niliyompa Zinaida." Mchungaji akampigapiga begani, akaondoka akitembea kwa uangalifu juu ya barafu.

Ruxanda alirudi kitandani, lakini filamu haikumpendeza tena. Aliizima. Taa ya mezani aliiacha iwake kwa sababu ya giza, akasema moyoni kwamba ataizima baada ya muda mfupi, na usingizi ukamchukua akiwa hivyo. Asubuhi Bibi Varvara aliporudi kutoka msibani na kumwamsha, taa ilikuwa imezimika yenyewe. Umeme haukuwa umerudi. Ubavuni mwa betri hapakuwa na hata taa moja iliyowaka.

Ruxanda alizichomoa nyaya upesi kabla bibi yake hajaziona. Waliifunga betri kwa shali ya sufu, wakaiweka kwenye kigari cha kuburuta, wakaenda nayo kanisani. Njiani Bibi Varvara alizungumza juu ya Mzee Haralambie, jinsi alivyokuwa akiupasha joto mdomo wa tarumbeta lake kwapani kabla ya kupiga. Ruxanda hakusikia hata nusu ya maneno hayo. Kamba ya kigari ilimkata viganja, naye hakuona uchungu.

Kanisani watu walikuwa wameshajaa, wamevaa makoti yao. Jeneza la Mzee Haralambie lilikuwa mbele, wazi, na Bibi Agafia ameketi kando yake. Kamera ilikuwa imesimamishwa karibu naye. Valeriu, kijana aliyeshughulikia mitambo, aliipokea betri, akachomeka nyaya, akabonyeza. Hakuna kilichowaka. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Kimya.

"Baridi imeiua," alimwambia mchungaji. "Hizi betri ndivyo zilivyo. Zikipigwa na baridi njiani, basi."

Ruxanda alikuwa amesimama pale pale. Neno la kumwokoa lilikuwa limeshasemwa, tena na mtu mwingine. Yeye hakutakiwa kusema chochote. Akanyamaza.

Ndugu Simion aliangalia kamera, akaangalia mlango, kana kwamba Bwana Toader angetokea na jenereta yake. Lakini ilikuwa imekwenda kijiji cha pili, ng'ambo ya barabara iliyoganda. Akapiga magoti mbele ya Bibi Agafia, akamweleza kwa sauti ya chini. Mjane alitikisa kichwa polepole. Kisha akamwona Ruxanda, jinsi uso ulivyompauka, akamwita na kumshika mkono.

"Usihuzunike, mjukuu wangu," alisema. "Baridi haina wa kulaumiwa. Wewe umefanya kazi yako."

Ruxanda alirudi kwenye benchi, akaketi kando ya bibi yake. Laiti Bibi Agafia angempiga, ingekuwa nafuu.

Ibada ikaanza bila umeme. Wanaume walifungua mapazia yote ili mwanga wa theluji uingie. Kwa kuwa spika hazikufanya kazi, Ndugu Simion aliwaomba watu wahamie mabenchi ya mbele, nao wakasogea, wakabanana, mpaka wazee wenye masikio mazito wakawa karibu kulishika jeneza kwa mikono. Maneno ya nyimbo yalikuwa ndani ya kompyuta ya kanisa. Vitabu vya nyimbo vilipelekwa darini tangu projekta iliponunuliwa, na vijana wengi hawakujua ubeti wa pili wa wimbo wowote. Basi mchungaji alitamka mstari kwa kumbukumbu yake, watu wakauimba, akatamka mwingine. Aliposahau, mabibi walimkumbusha. Bendi ilipiga bila kuhitaji waya wala swichi. Wapigaji walipasha midomo ya matarumbeta viganjani, wakapuliza. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, na kila mtu aliisikia sauti nzito iliyokosekana chini ya wimbo.

Watu walilia, na wengi walisema baadaye kwamba hawakuwahi kusikia kanisa likiimba vile. Lakini kila wimbo ulipokwisha, Ruxanda aliitazama kamera iliyozimika. Mahali fulani Italia mwanamke mmoja alikuwa ameishika simu, akiangalia kioo cheusi, asijue kwa nini.

Ulipofika wakati wa kufunga jeneza, Ndugu Simion alimzuia mwenye nyundo. Alisema makaburi yako mlimani, na mlimani, ukisimama upande wa mto, simu hukamata mnara wa wilaya ya pili. Wangelipeleka jeneza bila kulipigilia misumari, na Zinaida angeweza kumwona baba yake kule juu. Kilichotakiwa ni simu moja yenye chaji.

Watu walipekua mifuko. Simu zilitolewa moja baada ya nyingine, zote zimezimika. Milango ya magari ilikuwa imeganda, na tangu mtandao upotee hakuna aliyejisumbua kuchaji. Simu ya Valeriu ilikuwa imekufa alfajiri. Wakatazamana.

Ya Ruxanda ilikuwa ndani ya koti lake, imejaa. Aliisikia ikigusa ubavu wake. Angeitoa, lazima mtu angeuliza. Angeiacha humo, hakuna ambaye angejua, na Zinaida asingemwona baba yake tena maisha yake yote. Alisimama. Akaitoa simu.

"Mimi ninayo," alisema. "Ina chaji."

"Imejaa?" Valeriu aliuliza kwa mshangao. "Umechajia wapi wewe, umeme umekatika tangu jana mchana?"

"Kwenye betri ya kanisa."

Ruxanda aliona kwamba akinyamaza hapo hataweza tena kuendelea, kwa hiyo akayasema yote kwa mfululizo, akiwa ameangalia sakafu. Alisema kuhusu taa, kompyuta na filamu. Alisema kwamba Ndugu Simion alimuuliza naye akamdanganya, ilhali jenereta ilikuwepo. "Baridi haikufanya kitu," alimalizia. "Ni mimi."

Bibi Varvara aliinamisha kichwa, shungi lake likamfunika macho. Valeriu alifungua mdomo kusema jambo, mchungaji akamwashiria anyamaze. Wote walimgeukia Bibi Agafia. Mjane alikuwa akirekebisha kola ya shati la mume wake, na aliendelea kuirekebisha kwa muda, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Twendeni mlimani," alisema mwishowe. "Mtoto aje mbele na simu."

Walipanda polepole. Wanaume walimwaga majivu njiani ili waliobeba jeneza wasiteleze. Ruxanda alitembea mbele, ameinua simu, akitazama alama za mtandao. Karibu na kaburi ikatokea moja, kisha ya pili. Ndugu Simion alimpa namba, naye akapiga.

Zinaida alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Picha yake ilikuja kwa vipande, uso umevimba kwa kulia. Alidhani wamemzika baba yake bila yeye. Mchungaji alimwambia kwamba bado. Ruxanda akaichukua simu kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye theluji, akaielekeza kwa Mzee Haralambie, akashikilia hivyo bila kuitikisa hata vidole vilipokufa ganzi.

"Baba," sauti ya Zinaida ilisikika, ndogo sana pale mlimani. "Nimeweza kufika hivi tu. Unisamehe. Nenda salama."

Bibi Agafia aliinama, akaweka shavu lake karibu na simu, mama na binti wakalia pamoja. Kisha jeneza likafungwa, bendi ikapiga, na Zinaida akausikia udongo wa kwanza ukianguka. Kabla wimbo haujaisha mtandao ukapotea, na haukurudi.

Baadaye, kwenye chakula cha msiba, watu walikula wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi na kuzungumza kwa sauti za chini. Ruxanda hakuweza kumeza. Ndugu Simion alikuja akaketi mbele yake. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba kuogopa giza si dhambi, na hata kuitumia betri lilikuwa kosa ambalo lingerekebishwa jioni ile ile.

"Nilikuuliza swali moja," alisema. "Ungenijibu, 'Ndugu Simion, nimeitumia, zimebaki taa mbili,' ningekukemea kidogo, kisha ningekwenda kwa Bwana Toader. Basi. Ungepata aibu kidogo jana, na ingekuwa mbele yangu peke yangu. Leo yamekuwa makubwa, na aliyeumia si wewe. Unaelewa?"

Ruxanda alisema anaelewa. Aliuliza afanye nini sasa. Mchungaji alijibu kwamba hilo hawezi kumwamulia, amwulize aliyekosewa.

Umeme ulirudi katikati ya wiki. Siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuvua sare za shule, Ruxanda alikwenda nyumbani kwa Bibi Agafia. Alimwomba msamaha, kisha akaomba ruhusa ya kumpigia Zinaida ili amwambie mwenyewe. Mjane akamsogezea kiti.

Zinaida alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikaa na simu asubuhi nzima," Zinaida alisema. "Nilidhani nimebonyeza vibaya. Nilijilaumu mimi." Akavuta pumzi. "Nimekasirika, Ruxanda, sikufichi. Lakini umeniambia mwenyewe. Sasa nisimulie ilivyokuwa. Yote. Usiniongezee kitu ili kunifurahisha."

Basi Ruxanda akasimulia. Alieleza jinsi mapazia yalivyofunguliwa na watu walivyosogea mbele. Alitaja kila wimbo kwa mpangilio wake, na pale asipokumbuka alisema hakumbuki, Bibi Agafia akajaza. Alisema ni ubeti upi mchungaji aliusahau na nani aliyemkumbusha. Alieleza juu ya kiti kitupu cha bendi, na sauti iliyokosekana, na kola ya shati. Zinaida alikuwa akiuliza maswali: nani alisimama wapi, nani alibeba upande wa kichwa, kama mama alikuwa amevaa koti zito. Walizungumza mpaka moto wa jiko ukahitaji kuni mara mbili. Mwishoni Zinaida alikuwa analia, lakini kwa utulivu.

"Sasa ninaiona," alisema. "Ahsante."

Bibi Agafia alimsindikiza Ruxanda hadi mlangoni, akamfunga skafu shingoni kama alivyomfunga binti yake zamani.

"Sikiliza," alisema. "Vyombo vitaharibika, nyaya zitaanguka, na wewe utakosea tena maana u mtoto. Hayo yote tunayamudu. Jumapili tuliimba bila umeme, na mume wangu akazikwa kwa heshima. Ambalo hatuwezi kulimudu ni mtu kusema 'ndiyo' wakati jibu ni 'hapana', kwa sababu sisi wengine tunasimama juu ya neno hilo kwa miguu yetu yote miwili. Ukiulizwa, sema jambo lilivyo. Hata kama ni baya. Lilivyo."

"Nitasema, Bibi."

"Haya, nenda nyumbani. Bibi yako anakungoja."